Pawaso ya zamani: naikaza cheni asubuhi, saa nne ishaning'inia. Kosa liko wapi?

#1 MpwaWaMtongwe
Salaam jamani. Nina pawaso, msumeno wa injini wa kukatia miti, niliyorithi kwa mjomba, ya miaka ya themanini. Injini haina neno, kamba mara mbili yaitika. Baa, lile bamba refu ambalo cheni yalizunguka, ni ya inchi 20. Taabu yangu ni cheni. Naikaza asubuhi ikakaa vizuri kabisa, nikiingia kwenye mwembe nusu saa tu yaanza kuachia tumbo chini ya baa kama mkufu wa bibi harusi. Nazima, nakaza, naendelea, mara yalegea tena. Jana nimekaza mara tano kabla ya adhuhuri. Juzi iliruka kwenye baa mzima mzima, ikapiga kile kichuma cha kushikia chini, nusura niitupe mashine.

Cheni ni mpya, haijamaliza wiki mbili. Fundi mmoja kaiangalia kwa mbali akasema mashine imezeeka, niipeleke kwa chuma chakavu. Mie sikubali. Injini isizeeke, tangi lisizeeke, izeeke cheni niliyoinunua juzi? Wajuzi nisaidieni.

#2 Fundi_Magongo
Cheni mpya kulegea siku za mwanzo si ugonjwa. Ribiti zake, zile pini zinazounga viungo, bado hazijakaa. Uliiloweka? Mimi cheni mpya hulala usiku mzima kwenye kopo la oili, asubuhi naifunga, naiendesha bila kukata dakika mbili tatu, nazima, naacha ipoe, ndipo nakaza. Halafu naanza na matawi. Wewe umeitoa kwenye paketi ukaiingiza kwenye shina la mwembe, imekula kwako.

#3 Kuti Kavu
Tusikimbilie cheni. Hebu tueleze kwanza, wakaza vipi? Hatua kwa hatua, usiruke.

#4 MpwaWaMtongwe
Nalegeza nati mbili za baa, nazungusha skrubu ya mbele kwa bisibisi mpaka cheni iguse baa chini, nakaza nati. Kwani kuna namna nyingine?

#5 Kuti Kavu
Na ncha ya baa wakati huo iko wapi?

#6 MpwaWaMtongwe
Yaning'inia tu, mashine ndiyo nimeilaza kwenye gogo.

#7 Kuti Kavu
Basi hapo ndipo pana mambo. Lile tundu refu la baa lina nafasi kidogo kwenye bolti, baa hucheza juu na chini. Ukikaza nati hali ncha imeinama kwa uzito wake, ukianza kukata mti waisukuma juu, na nafasi yote ile yageuka ulegevu wa cheni. Nyanyua ncha kwa mkono mmoja, izungushe skrubu, na usiiachie ncha mpaka nati zote mbili zimebana. Mashine iwe imezimwa na mkono una glovu, sitaki kusikia habari ya vidole hapa.

Kipimo changu: cheni ikumbatie baa chini, ukiishika katikati ukaivuta na kuiachia irudi yenyewe kwa kishindo kidogo, vile vijino vya kuvutia visitoke nje ya mfereji, na bado uweze kuizungusha kwa mkono bila kutoa jasho. Ikikataa kuzunguka umezidisha.

#8 Jirani_Mkorofi
Mjomba kaacha pawaso, maelezo kaenda nayo 😂

#9 mama_mbao
Kuti Kavu amesema kweli ila hajamaliza. Mimi nina yadi ndogo ya mbao upande wa Kongowea, mashine tatu, vijana wanne, na cheni za kulegea nimeziona kuliko za kukaa. Ile ya zamani kabisa ilinisumbua hivi hivi mwaka mzima. Tulinyanyua ncha, tuliloweka, tulibadilisha baa, wapi. Siku moja kijana akavua kifuniko cha klachi kusafisha unga wa mbao, tukaiona sproketi, lile gurudumu la meno linalovuta cheni. Ilikuwa imechimbika mahandaki, ukipitisha ukucha wazama.

Mwanangu, sproketi ikishalika, cheni mpya haikai juu yake sawasawa. Yapanda na kushuka, yajivuta, na wewe huku wadhani imelegea kwenye baa. Mwongozo ninaoufuata ni kubadilisha sproketi kila ukimaliza cheni mbili, na mchimbiko ukifika nusu milimita usiulize mtu. Watu hununua cheni kumi kwa sproketi moja kwa kuwa cheni waiona na sproketi imejificha.

Pili, aliyekuuzia cheni alipima au alikisia? Pichi, yaani nafasi kati ya ribiti na ribiti kwa inchi, ya 3/8 na ya .325 ukizitazama ovyo zafanana. Cheni ya pichi moja juu ya sproketi ya pichi nyingine itajikokota kwa muda, ivimalize vyote viwili. Angalia nambari iliyochapwa kwenye kijino.

#10 Wa_Tanga
Wakuu poleni na majukumu. Huku Tanga tunaiita chenso, hiyo pawaso yenu nilidhani ni aina ya soda. Na "baa imeinama", "baa imechimbika", nimesoma mara mbili nikajua mnazungumzia sehemu ya kunywea.

#11 Jirani_Mkorofi
@Wa_Tanga hata Mombasa baa ni ile ile. Ndiyo maana Fundi_Magongo akiaga nyumbani kwamba ameenda kunyoosha baa, haaminiki.

#12 Fundi_Magongo
Niache na nyumba yangu.

#13 Mzee Tupa
Nimesoma tangu juu. Vijana, pawaso ya zamani haikazwi kama hizi za leo, na hakuna aliyemuuliza huyu mtoto swali la kwanza. Ncha ya baa yako ina gurudumu au ni chuma kitupu?

Sisi tulianza na baa za ncha ya chuma kitupu. Cheni yazunguka kwenye ncha kwa kusugua tu, hakuna kinachoviringika. Baa hiyo ukiikaza cheni mpaka ibane kama hizi zenye gurudumu, ncha yawaka moto, yageuka rangi ya samawati, cheni yapata joto, yarefuka, halafu unasema imelegea. Kumbe umeilegeza wewe mwenyewe kwa kuikaza. Baa ya ncha kavu yataka cheni iachiwe kidogo kuliko yenye gurudumu. Yenye gurudumu ndiyo ya kubana, na yataka girisi kwenye kile kitundu kidogo cha ncha, kama kipo.

Halafu mafuta. Baadhi ya mashine za zamani zilikuwa na kitufe cha kusukuma oili kwa kidole gumba. Usiposukuma hakuna oili. Mjomba wako kidole kilishazoea, wewe je?

#14 MpwaWaMtongwe
Shikamoo mzee. Ncha ina gurudumu, nimetoka kuangalia sasa hivi, lazunguka lakini kwa kukwaruza. Girisi sijawahi kutia. Oili yatoka yenyewe, kitufe hakuna. Mama, sproketi nitafungua kesho, hapa sina spana ya klachi.

#15 Mzee Tupa
Marahaba. Kukwaruza huko ni mchanga. Lioshe kwa mafuta ya taa kabla ya girisi, usisukumie mchanga ndani.

#16 hesabu_tu
Mniruhusu nitie namba kidogo, maana kila mtu anasema "yarefuka" na hakuna anayesema kwa kiasi gani.

Baa ya inchi 20 yenye pichi ya 3/8 kwa kawaida hubeba cheni ya vijino 72 vya kuvutia. Urefu wake wote ni inchi 54, yaani mita 1.37. Chuma hurefuka milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Tuseme cheni imepanda nyuzi 80 juu ya ilivyokuwa asubuhi: inaongezeka milimita 1.3. Mtasema hiyo ni nini? Sasa milimita hiyo moja na kitu ikusanyike yote upande wa chini wa baa, wenye kama sentimita 50, tumbo linashuka karibu sentimita moja na nusu. Ndivyo jiometri ilivyo, urefu kidogo huonekana mwingi ukiwa umening'inia.

Upande wa pili. Vijino 72 ni viungo 144, maana kila kijino kina ribiti mbili. Kila tundu likilika sehemu moja ya mia ya milimita tu, kitu ambacho jicho haliwezi kuona, cheni imeongezeka milimita 1.4. Kwa hiyo maneno ya "cheni imevutika" si sahihi sana. Chuma chenyewe hakivutiki, matundu ndiyo yanapanuka. Na yanapanuka haraka oili isipofika.

Tofauti iko hapa: ulegevu wa joto hurudi cheni ikipoa, wa kulika haurudi. MpwaWaMtongwe, ukiiacha ikapoa kabisa bila kuigusa, inabana tena au inabaki na tumbo?

#17 Fundi_Magongo
Mwalimu, hesabu nzuri, ila umesahau baa nayo hupata joto na kurefuka. Vikirefuka pamoja hakuna ulegevu.

#18 hesabu_tu
Kweli kabisa, nimeiacha. Baa ni bonge la chuma na inapata joto polepole, cheni ni nyembamba na ndiyo inayosuguana na mti, kwa hiyo cheni hutangulia. Lakini ile milimita 1.3 ihesabuni kuwa ndiyo kikomo cha juu, kwenye kazi huwa pungufu. Asante kwa marekebisho.

#19 Jirani_Mkorofi
Mara ya kwanza fundi wa Magongo kumsahihisha mwalimu. Tuchapishe tarehe.

#20 mama_mbao
Hili la joto nisikie mtu akilifanyia mzaha. Cheni ikilegea ikiwa moto, waruhusiwa kuikaza uendelee, lakini ukimaliza kazi ILEGEZE. Kijana wangu mmoja aliikaza saa tisa mashine ikiwa moto, akaiweka stoo, akaenda zake. Usiku imepoa, imejikunja, asubuhi haizunguki hata kwa koleo. Akaona dawa ni kuiwasha kwa nguvu. Beringi ya upande wa klachi ikaenda, na sili ya oili ikaenda nayo. Ile bei sitaitaja hapa, nitalia upya.

#21 Bahari Shwari
Mbona hakuna aliyeuliza mti umetoka wapi? Mimi hukata mivinje ya ufukweni upande wa Shanzu kwa ajili ya boriti. Mti wa pwani una mchanga kwenye magamba, upepo wa kusi unaupigilia miezi na miezi. Cheni ikigusa mara tatu meno yamekufa. Meno yakifa unaanza kulazimisha, ukilazimisha joto linapanda, na cheni inalegea. Nanoa kila nikijaza tangi la petroli, na tangu nianze hivyo sikazi hovyo.

Alama yake ni rahisi: msumeno mkali hutoa vipande, butu hutoa unga. Angalia chini ya miguu yako.

Na mnazi ndio mbaya zaidi. Nje mgumu kama jiwe, ndani laini kama keki, na nyuzi zake humaliza meno kama msasa.

Pia angalieni geji, yaani unene wa kijino cha kuvutia na upana wa mfereji wa baa. Cheni nyembamba kwenye mfereji mpana hulegea sana.

#22 Fundi_Magongo
@Bahari Shwari nakubali yote ila la mwisho. Cheni ya 1.3 kwenye baa ya 1.5 haitalegea kwa sababu hiyo, itayumba kushoto na kulia na mkato wako utapinda kama mkia wa paka. Kulegea ni habari ya urefu, kuyumba ni habari ya upana.

#23 Bahari Shwari
Sawa fundi, nimechanganya. Kweli mkato wangu ulikuwa unapinda.

#24 Wa_Tanga
Hiyo mivinje yenu si ndiyo ile waliyopanda kwenye machimbo ya simenti ya Bamburi miaka ya themanini?

#25 Bahari Shwari
Mivinje ndiyo, ila alianza René Haller mwaka 1971, si themanini. Pale palikuwa jiwe la matumbawe tupu, miti mingi aliyoijaribu ilikufa, mvinje ukashika. Halafu majani yake yakawa hayaozi, akaleta majongoo wayale. Leo ndiyo Haller Park. Na kabla Jirani hajasema, hapana, sikati huko.

#26 Jirani_Mkorofi
Mimi sijasema kitu. Nimeandika tu jina lako mahali.

#27 Chokoraa wa Chuma
Nimechelewa, nilikuwa foleni ya feri Likoni na simu ikazima. Nyote mwazunguka cheni, sproketi na joto. Mimi naangalia bolti.

Bodi za mashine nyingi za zamani ni magnesi, laini. Zile bolti mbili zinazoshika baa zimepandwa ndani yake. Miaka thelathini ya watu kukaza kwa hasira, thredi za ndani zimeanza kung'oka. Wewe ukikaza nati wasikia imebana, kumbe bolti yenyewe yainuka kidogo kidogo. Ukianza kazi, mtetemo wairudisha nyuma, baa yaserereka, cheni imelegea. Utabadilisha cheni mpaka uuze kitanda.

Jaribu hivi: chora mstari wa kalamu kwenye baa pale inapokutana na bodi. Kata nusu saa. Mstari ukiwa umesogea, baa inateleza, na tatizo si cheni wala sproketi. Usiposogea, nimekosea, nitaomba radhi.

Kama ni bolti, usikubali gundi. Litobolewe tundu, liingizwe thredi ya chuma ya kujisokota kama springi. Mashine ikitoka hapo yashika kuliko ilivyotoka kiwandani.

#28 Kuti Kavu
Jaribio la mstari nalikubali, hata la kwangu litaonekana hapo. Lakini ongeza moja, Chokoraa: ile pini inayoingia kwenye kitundu cha baa. Kwenye mashine kongwe skrubu yake huwa imelika au pini imepinda. Ukizungusha, pini yakaa upande, yasukuma baa nusunusu. Nimeona pia mtu kafunga baa pini ikiwa nje ya kitundu, anakaza hewa asubuhi hadi jioni.

#29 Chokoraa wa Chuma
Huyo alikuwa mimi, mwaka wa kwanza. Tuyaache.

#30 mama_mbao
Lo, leo nimecheka.

#31 MpwaWaMtongwe
Ripoti. Leo nimefungua kifuniko.

Sproketi: mama, ukucha umezama. Sijui kama ni nusu milimita, sina cha kupimia, lakini mahandaki yapo.

Tundu la oili: nimetoa baa, kale kanjia ka oili kwenye bodi kamejaa unga wa mbao uliogandamana na oili kama halua. Halua kabisa, ukiwekewa kwenye sahani ya kahawa waila. Upande wa baa nako kitundu kimezibika nusu.

Pini: imenyooka. Ila mfereji wa baa chini ni mpana kuliko juu, na kingo zina makombo makali. Inaonekana mjomba hakuwahi kuigeuza.

Mwalimu, swali lako: ikipoa yabana kidogo lakini hairudi kama asubuhi.

Mstari sijachora, sijakata leo.

#32 hesabu_tu
Basi ni vyote viwili, joto na kulika. Na oili iliyozibwa inaeleza vyote viwili kwa mpigo. Mimi kura yangu kwa halua.

#33 mama_mbao
Halua imesababisha, sproketi imemalizia. Ukisafisha oili ukaacha sproketi hiyo, cheni yako mpya italika ifuate mahandaki ya cheni ya zamani. Kura yangu haitoki hapo.

#34 Mzee Tupa
Baa igeuzwe juu chini kila unapofunga cheni mpya, siku zote. Makombo ya kingo yapigwe tupa bapa. Mpira wa oili ndani ya tangi nao uangaliwe, miaka huutafuna ukapasuka, ukavuta hewa. Na unatia oili gani?

#35 MpwaWaMtongwe
Mzee nisitiri. Natia oili chafu ya gari, nachukua bure gereji.

#36 Mzee Tupa
Ndiyo halua yako hiyo.

#37 Fundi_Magongo
Haya sasa. Oili chafu ina unga wa chuma wa injini ya mtu mwingine. Unausukuma kwenye pampu, kwenye mfereji, kwenye ribiti 144 za mwalimu. Halafu ni sumu kwa ngozi, yakurukia shati na uso kutwa nzima. Bure hiyo ni ghali. Huna ya cheni, tia hata oili safi ya injini.

#38 Kuti Kavu
Marehemu babu huko Kwale alikuwa akitia mafuta ya nazi. Wallahi. Mashine ilinukia wali.

#39 Bahari Shwari
Na mwezi wa saba? Kipupwe kikiingia, asubuhi chupa ya mafuta ya nazi yaganda nusu, huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Pampu itavuta nini?

#40 Kuti Kavu
Alikuwa anaianika juani kwanza kama papa mkavu. Saa tatu ikawa tayari. Na hakuwahi kulalamika cheni kulegea, ingawa sijui kama ni mafuta au ni kwa kuwa alikata taratibu, na kila nusu saa alisimama kuvuta tumbaku. Cheni ilipata muda wa kupoa.

#41 Wa_Tanga
Mafuta ya mimea yana tabu yake. Mimi nilijaribu ya alizeti, nikaacha mashine mwezi mzima, nilirudi nimekuta cheni imeshikana na baa kama imegandishwa kwa gundi. Ukitumia, maliza tangi, usiyalaze humo.

#42 Jirani_Mkorofi
Wajerumani waliobuni hii cheni wakisoma habari za halua na wali watajuta.

#43 hesabu_tu
Sehemu tu. Andreas Stihl wa Ujerumani alitoa msumeno wake wa mnyororo mwaka 1926, wa umeme, mzito, wa kushikwa na watu wawili. Lakini umbo la meno tunayotumia leo ni la Mmarekani Joseph Cox wa jimbo la Oregon. Mwaka 1946 alikuwa mkata miti, akaliona buu la mbawakawa likila gogo, taya zake zikikata kushoto na kulia badala ya kukwangua moja kwa moja. Akaenda kutengeneza cheni ya hivyo. Angalieni cheni zenu, jino moja linatazama kushoto, linalofuata kulia. Ni taya za buu.

#44 Jirani_Mkorofi
Kwa hiyo dumuzi wa mahindi naye ana hati miliki.

#45 Chokoraa wa Chuma
Tumekwenda mbali. Mpwa, mstari!

#46 MpwaWaMtongwe
Nimerudi, samahani kwa kimya, mwembe wa shangazi ulinishika siku mbili, na jirani yake alikuja kudai nusu ya mti kwa kuwa kivuli kilikuwa chake.

Nimefanya hivi. Nimenunua sproketi, niliipeleka ile ya zamani dukani wakahesabu meno na kupima pichi mbele yangu, ni 3/8 kweli, sawa na cheni. Nimekwangua njia ya oili kwa waya na kuiosha kwa petroli, sasa nikiielekeza ncha kwenye karatasi nyeupe na kuvuta moto naona mstari wa oili. Baa nimegeuza, kingo nimepiga tupa, gurudumu limeoshwa na kupata girisi, halikwaruzi. Meno nimenoa kwa tupa ya duara ya milimita 5.5. Oili mpya. Nimekaza ncha ikiwa juu kama Kuti Kavu alivyosema. Na mstari nimechora.

Matokeo: kutoka saa mbili mpaka adhuhuri nimekaza mara moja tu, kidogo, robo mzunguko. Mstari umesogea, lakini kama unene wa kalamu yenyewe.

#47 mama_mbao
Sproketi. Hongera mwanangu.

#48 hesabu_tu
Oili.

#49 Kuti Kavu
Ncha juu. Hata hakuna haja ya mjadala.

#50 Bahari Shwari
Kanoa meno, mmeliruka hilo?

#51 Fundi_Magongo
Na cheni sasa ina wiki tatu, ribiti zimekaa. Nilisema #2.

#52 Chokoraa wa Chuma
Mstari UMESOGEA. Unene wa kalamu ni milimita moja au zaidi, na mwalimu katuonyesha milimita moja yafanya nini. Radhi siombi. Hizo bolti zina siku zake.

#53 Kuti Kavu
Kalamu gani? Kama ni ile nene ya kuandikia magunia, huo si msogeo ni wino.

#54 MpwaWaMtongwe
Ya kuandikia magunia 😅

#55 Kuti Kavu
Tukitaka kujua ukweli, rudisha sproketi ya zamani, acha mengine yote kama yalivyo, kata siku moja. Ikikaa, mama kakosea. Ikilegea, tumenyamaza.

#56 MpwaWaMtongwe
Ile ya zamani nimemuachia yule fundi aliyeniambia mashine yangu ni chuma chakavu. Alitaka chuma chakavu.

#57 mama_mbao
Umefanya vyema.

#58 Mzee Tupa
Bolti zitazame. Huyo mtoto wa chuma si mjinga. Na jioni legeza cheni.

#59 Jirani_Mkorofi
Jamani samahani, kabla uzi haujafungwa, nauliza kwa niaba ya rafiki. Cheni ikiwa ilifanya kazi vizuri jana jioni, na leo asubuhi imegoma kuzunguka kabisa, imebana kwenye baa kama kamba ya ngoma, tatizo laweza kuwa nini?

#60 mama_mbao
Huyo rafiki aliikaza jana ikiwa moto?

#61 Jirani_Mkorofi
Rafiki hajasema.

#62 mama_mbao
Mwambie asiiwashe. Na alegeze zile nati SASA HIVI, kabla hajamaliza kusoma hapa.